Jumamosi mbili Lowell: mafunzo ya kuwahudumia wagonjwa transjenda, na kama yanamfaa muuguzi wa Kiswahili

Tangu nitoke kwenye mafunzo yale, wenzangu wanaosema Kiswahili, wauguzi na wasaidizi wa wagonjwa, wamekuwa wakinipigia simu na swali lile lile: je, inafaa mtu kuacha Jumamosi mbili za zamu zenye malipo mazuri akakae darasani kufundishwa namna ya kuwahudumia wagonjwa transjenda, yaani watu ambao jinsia yao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa? Nimemjibu mmoja mmoja, sasa nawaandikia wote. Nendeni. Lakini mjue mapema kwamba uhondo uko Jumamosi ya pili. Ya kwanza ingetosha nusu siku.

Walioyaandaa sitawataja, kwa kuwa nina lawama kadhaa juu yao na aliyelipa ni mwajiri wangu. Nitakachoeleza kinatosha kumwonyesha mtu la kuangalia kabla ya kujiandikisha kokote. Tulifanyia kwenye jengo la zamani la kiwanda cha nguo, la matofali mekundu, kando ya mto Merrimack, mjini Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tulikaa muda wa saa 8 kila siku, watu 22: wauguzi, madaktari wanagenzi wawili, mfamasia, watu wa maabara, na wale wa dirishani wanaoandikisha wagonjwa. Wakenya tulikuwa 4. Chakula kilikuwa kizuri, maegesho ya gari ni ya kulipia.

Mimi ni muuguzi kwa miaka 19, 9 Mombasa na 10 hapa Massachusetts. Kazi yangu ni mapokezi ya dharura: mimi ndiye wa kwanza kumtazama mgonjwa, nampa ngazi ya 1 hadi ya 5, ya 1 ikiwa ya haraka kuliko zote, nani aingie sasa hivi na nani angoje. Niliomba mwenyewe kupelekwa mafunzoni, na sababu yangu ni hii.

Mwezi wa pili, usiku wa theluji, alikuja mwanamke wa makamo aliyevaa koti refu la kijivu, akichechemea. Dirishani walimwandikisha kwa jina la kwenye kitambulisho. Nilipotoka na faili nikaliita jina lile, jina la kiume, lote, mbele ya watu wasiopungua 30. Hakuinuka mtu. Nikaita tena kwa sauti ya juu zaidi, na safari hii nikatanguliza “Bwana”. Nikamwona yule mama anainama kuchukua mkoba wake. Akanitazama mara moja tu, kisha akaelekea mlangoni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuliko wa kulia. Niliuona alipokuwa anakwenda, na hata hapo akili yangu haikuunganisha. Kwenye faili kuna kisanduku cha kuandika kwamba mgonjwa ameondoka kabla ya kuonwa. Nikakitia alama. Hakurudi kwenye zamu yangu wala zamu nyingine niliyoweza kuiulizia.

Basi Jumamosi ya kwanza nilifika na yule mama kichwani, na nikapewa asubuhi nzima ya maana ya maneno. Sisemi hayana kazi. Hata sisi wa pwani tunayachanganya. Tuna neno huntha, na nimewasikia watu wetu wakilitumia kwa kila mtu wasiyemwelewa. Huntha ni aliyezaliwa na maumbile yasiyopambanuka kiume wala kike. Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019, wakatoka 1,524. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake siyo ile aliyoandikiwa alipozaliwa, na maumbile yake huenda hayakuwa na utata wowote. Nilifurahi pia walipoeleza kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, limeliondoa jambo hili katika sura ya magonjwa ya akili na kuliweka kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya kujamiiana. Wapo wenzangu darasani waliosomea uuguzi miaka ya tisini ambao hawakuwa wamelisikia. Lakini hayo yangeisha kwa saa moja. Sisi tulisomewa slaidi hadi saa sita mchana, na yule mtu wa maabara aliyekaa karibu nami akasinzia.

Takwimu nazo walizipitia mbio, ilhali ndizo zingemwamsha. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2015 uliwafikia watu transjenda 27,715. Kati ya waliokwenda hospitali mwaka ule, asilimia 33 walifanyiwa angalau jambo moja baya kwa sababu ya kuwa transjenda, na asilimia 24 walilazimika wao kumfundisha mhudumu ndipo watibiwe sawasawa. Asilimia 23 ya waliohojiwa waliacha kwenda kwa daktari walipomhitaji, kwa kuogopa watakavyotendewa. Na waliotakiwa kuwahudumia walisoma nini? Utafiti uliochapishwa 2011 uliziuliza shule za udaktari za Marekani na Kanada zinatoa muda gani kwa afya ya wagonjwa wa LGBT (wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili, na transjenda) wote kwa pamoja, katika miaka yote ya masomo. Wastani wa kati ulikuwa saa 5, na theluthi ya shule zilizojibu hazikutoa hata saa moja katika miaka ya wodini. Nilipozisoma usiku ule nyumbani niliona kwamba Jumamosi zangu mbili ni saa 16, mara tatu na zaidi ya alizopata daktari wa wakati ule.

Baada ya chakula wakaingia walimu wengine, na hapo mambo yakageuka. Walikuwa watu transjenda watatu wanaolipwa kufundisha: wanakaa kama wagonjwa, unawahoji, kisha wanakwambia ulipowaumiza na ulipowatuliza. Mafunzo yoyote yasiyo na watu hawa, msiyalipie. Mimi nilipangiwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa basi, mwanamume mwenye ndevu nyeupe na mikono mikubwa. Nilimhoji vizuri, nikampima presha, nikageuka kumweleza daktari mwanagenzi hali yake. Katika maelezo yale nikamwita “she”, yaani yeye wa kike kwa Kiingereza, mara tatu.

Hapa nataka tuzungumze sisi kwa sisi, kwa maana hakuna mkufunzi atakayetueleza jambo hili. Lugha yetu haina kiume wala kike kwenye yeye. Tunasema amekuja, anaumwa, apimwe damu, na anayesikiliza hajui kama ni baba au mama. Ndiyo maana he na she vinatuponyoka. Nimemwita mume wangu “she” mbele ya wakwe na “he” kwa binti yangu. Nilimweleza yule mzee hivyo, nikiwa nimeshikwa na haya. Akaniomba niseme maelezo yale yale kwa Kiswahili. Nikasema: “Amekuja saa mbili, kifua kinamuuma tangu jana, amemeza aspirini moja, anahema vizuri.” Akauliza ni wapi kwenye maneno yale pamesema yeye ni mwanamume. Nikamwambia hakuna. Akaniomba nirudie, nikarudia, na akakaa kimya akitazama mikono yake.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelishika mpaka leo: kwamba ananiamini, lakini mgonjwa aliyelala kitandani hakijui Kiswahili changu. Yeye anasikia tu muuguzi amemwita mwanamke, na amekwisha kuitwa hivyo na watu waliokusudia kumdhalilisha. Basi tukafanya zoezi. Kabla ya kufungua pazia, sema kimoyomoyo sentensi tatu za Kiingereza juu ya mgonjwa, kwa kiwakilishi chake sahihi. Ukiwa huna hakika, taja jina. Ukikosea, jirekebishe kwa neno moja, omba radhi mara moja, endelea na kazi. Usimwachie mgonjwa kazi ya kukubembeleza wewe. Nimelifanya zoezi hili kila zamu tangu siku ile, kwa wagonjwa wote, na makosa yangu yamepungua hata kwa mume wangu. Kwa sehemu hii peke yake ningewapa nyota tano.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mkufunzi mwingine, muuguzi bingwa wa siku nyingi anayeandika dawa za homoni mwenyewe. Alianza bila slaidi. Alitugawia karatasi yenye kisa na kututaka tuandike ngazi, 1 hadi 5, kabla ya kugeuza upande wa pili. Ni kisa cha kweli kilichochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Mwanamume wa miaka 32 anafika dharura na maumivu makali ya tumbo. Anasema ni transjenda, hajaona hedhi kwa miaka kadhaa, na asubuhi ile amejipima mimba nyumbani na kipimo kimesema ipo. Amepoteza bima, kwa hiyo ameacha testosteroni, homoni ya kiume, na dawa za presha. Presha iko juu.

Mimi niliandika 3. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 3.

Upande wa pili ulituambia kilichotokea. Faili ilimtambua kama mwanamume, na muuguzi wa mapokezi akamwona hivyo hivyo: mwanamume mnene aliyeacha dawa za presha, si wa haraka. Kipimo cha mimba kiliagizwa, lakini saa kadhaa zilipita kabla ya daktari kumfikia. Alipopimwa, kamba ya kitovu ilikuwa imetangulia mbele ya mtoto. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji, na huko mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikika tena. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Mkufunzi alitwambia tuangalie kwamba muuguzi yule hakumtukana mgonjwa, wala hakukosea kiwakilishi. Alimheshimu kama mwanamume na akasahau kwamba ana mfuko wa uzazi. Nilihisi darasa zima limebadilika hewa. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumefundishwa adabu, na hapa tunaonyeshwa adabu bila elimu ya mwili ilivyoua. Kama angekuja mwanamke mwenye maumivu yale, presha ile na kipimo kile, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekimbia kumwita mkunga.

Kuanzia hapo siku nzima ilikuwa ya orodha ya viungo. Kwa kila mgonjwa unauliza, kwa jinsi inavyohusu kilichomleta: ni viungo gani unavyo, ni vipi vilitolewa, unatumia homoni gani na tangu lini. Mwanamke transjenda aliyefanyiwa upasuaji wa kutengenezewa uke bado ana tezi dume, na akiwa kwenye estrojeni, homoni ya kike, kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi hiyo, hushuka, kwa hiyo namba inayoonekana ya kawaida yaweza kukudanganya. Mwanamume mwenye mlango wa kizazi anahitaji kupimwa saratani yake kama mwanamke yeyote. Testosteroni hukausha sehemu ile, sampuli mara nyingi hurudi haitoshi, na fomu ya maabara isipoandikwa kwamba anatumia testosteroni na hapati hedhi, maabara yaweza kuisoma vibaya. Hapo yule jirani yangu wa maabara, aliyesinzia Jumamosi iliyopita, aliamka na kuuliza maswali saba. Na testosteroni si dawa ya uzazi wa mpango. Hedhi ikikoma, mimba bado yaweza kuingia. Nilipigia mstari mara mbili.

Tuliingia kwenye majibu ya damu. Testosteroni huongeza chembe nyekundu. Mwanamume transjenda akisomwa kwa viwango vya kike, kompyuta inampigia kengele kwamba damu imezidi, kumbe kwa viwango vya kiume yuko sawa. Na kinyume chake, upungufu wa damu waweza kujificha. Hesabu ya nguvu ya figo kutokana na kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, nayo huuliza jinsia, na ukibadilisha jibu, kipimo cha dawa nacho kinaweza kubadilika. Mfamasia aliyekuwa nasi alisimama akatuchorea mfano ubaoni, vizuri kuliko slaidi zote.

Kisha estrojeni. Huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa aina ya ethinyl estradiol na kwa wanaovuta sigara. Ile ya kubandika kwenye ngozi ina hatari ndogo zaidi. Mguu mmoja uliovimba, wenye maumivu kwenye shavu la mguu, kwa mwanamke anayetumia estrojeni: ngazi ya haraka, kipimo cha mawimbi ya sauti, usingoje. Niliweka kalamu chini. Mkufunzi akaendelea na mimi sikuyasikia mengine kwa dakika kadhaa. Nilikuwa namwona mama wa koti la kijivu akivuka maegesho kwenye theluji.

Lawama yangu kubwa ni ya hapo hapo. Baada ya estrojeni ikaja spironolaktoni, dawa ambayo hapa Marekani wanawake wengi transjenda huitumia kuzuia testosteroni, nayo ikapewa dakika 10. Ni dawa inayopandisha potasiamu. Sasa mfikirie mgonjwa huyo amekuja na maambukizi ya njia ya mkojo, na daktari anamwandikia Septrin. Nani kati yetu aliyefanya kazi Kenya hajagawa Septrin kwa maelfu? Septrin nayo hupandisha potasiamu, na zikikutana, moyo waweza kuvurugika. Ongeza dawa ya presha ya jamii ya lisinopril, hatari inakuwa kubwa zaidi. Hili ndilo kosa ambalo mtu mwenye heshima zote na viwakilishi vyote sahihi anaweza kulifanya saa tisa usiku. Dakika 10 hazitoshi, na asubuhi nzima tulikuwa tumeipa maana ya maneno.

Lawama ya pili ni swali la dini. Dada mmoja Mkenya aliuliza kwa upole kabisa afanyeje ikiwa imani yake inamkataza kukubaliana na mambo haya. Walimjibu kwa slaidi moja ya sera ya hospitali, akaketi. Nilimfuata wakati wa chai. Nilimwambia nililofundishwa Mombasa na metroni wetu, mama mkali aliyekuwa akipita wodini na tasbihi mfukoni: mgonjwa haulizwi anakotoka, huulizwa panapomuuma. Mimi naswali swala tano na sijaona imani yangu ikipungua kwa kumwita mtu jina aliloniomba nimwite. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Alihitaji mazungumzo kama yale kutoka mbele ya darasa, na angeyapata, nadhani wengine watatu waliokaa kimya wangefumbua midomo.

Hatukupewa kitabu cha kwenda nacho, ila mkufunzi wa pili alituandikia ubaoni mwongozo wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wa huduma za msingi kwa watu transjenda, toleo la pili la mwaka 2016. Upo bure kwenye intaneti. Nimeusoma wote katika zamu za usiku, sura moja moja, na nasema wazi kwamba asiyeweza kulipia mafunzo aanze nao; sura za saratani na za homoni zimeandikwa kwa mtu anayefanya kazi, si kwa profesa. Kwa mambo mapya zaidi kuna viwango vya WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu transjenda, toleo la 8, vilivyotoka 2022, lakini ni kitabu kikubwa na cha kitaalamu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni klinikal ofisa Kilifi. Nilipomsimulia alinijibu, “Dada, huku kwetu wagonjwa wa hivyo hawaji.” Nikamwambia wanakuja, mdogo wangu, ila hawakwambii. Nilimkumbusha Audrey Mbugua, mwanamke transjenda wa Kenya, aliyekwenda Mahakama Kuu Nairobi ili cheti chake cha mtihani kibadilishwe jina, na mwaka 2014 mahakama ikaliamuru baraza la mitihani limbadilishie. Kama jina kwenye karatasi lingekuwa jambo dogo, asingehangaika kortini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza lile la Septrin tena, nimwelezee polepole ili aandike.

Kazini kwetu tumebadilisha mambo mawili tangu niliporudi. Dirishani sasa wanauliza “tukuiteje?” na jibu linaandikwa juu kabisa ya faili, kwa herufi kubwa. Na mimi sisimami tena mlangoni kuita jina zima. Naita jina la ukoo peke yake, au natoka nikamfuate mgonjwa alipokaa.

Nimewaandikia walioyaandaa kuwaomba wapunguze slaidi za asubuhi, wampe mfamasia saa nzima ya potasiamu, na wamwite mtu wa kuzungumza juu ya dini kwa upole. Wamenijibu kwamba la potasiamu wamelikubali kwa darasa la Oktoba, mengine wanayafikiria. Nimejiandikisha tena, safari hii kwa pesa yangu, na yule dada wa swali la dini amesema atakuja nami.